Milima Haikutani, Lakini Wahusika Wako Watakutana Kila Siku

Miaka mitatu iliyopita nilimaliza kuandika muswada wa filamu ya mapenzi ya kuchekesha kuhusu mwanamke wa miaka 52 na mwanamume wa miaka 55 wanaokutana katika mji mdogo wa milimani. Niliupeleka kwa mwongozaji mmoja, ambaye aliurudisha baada ya wiki mbili ukiwa na swali moja tu, lililoandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Kwa nini mlimani?" Nilitafuta jibu siku nzima nisilipate. Ukweli ni kwamba niliuweka mlima kwa sababu ile ile inayomfanya mtu atundike ukutani kalenda yenye picha ya theluji, yaani ulipendeza. Tangu hapo nimeuandika upya muswada huo mara nne, na ninayoyasema hapa ni yale niliyojifunza kwa kuyakosea kwanza, ili anayetaka kuandika hadithi ya aina hii ajiokolee angalau rasimu mbili.

Kosa langu la kwanza halikuhusu mlima bali umri, kwa maana niliwapa watu wazima vikwazo vya vijana. Tangu tamthilia za Menander, mwandishi wa komedi wa Ugiriki ya kale, zilipochezwa Athens kabla ya Kristo, komedi ya mapenzi imezoea kuwaweka vijana wawili upande mmoja na mzazi mkali upande wa pili, na hadithi huisha mzazi anaposalimu amri. Mimi nilimwondoa mzazi, kisha nikaweka mahali pake barua iliyopotea, ambayo iliwafanya wahusika wangu wanuniane kwa kurasa 30. Dada yangu mkubwa, ambaye amepitia talaka na hana subira na upuuzi, aliisoma sehemu hiyo akauliza kwa nini huyo mama asipige simu. Sikuwa na la kumjibu yeye pia. Mtu wa miaka 52 ameshapoteza muda wa kutosha maishani, na hawezi kununa mwezi mzima kwa jambo linalomalizika kwa simu ya dakika mbili.

Kwa hiyo, kabla hujaandika ukurasa wowote, andika pembeni kile ambacho kila mmoja wao ameshakijenga na ambacho penzi jipya litakitaka kisogee. Mwanamume wangu ni mgane ambaye viatu vya marehemu mkewe bado viko kando ya mlango, si kwa sababu ya huzuni peke yake, bali pia kwa sababu anayeviondoa lazima aamue viende wapi. Mwanamke wangu ameachika kwa miaka 9, anatengeneza saa mbovu kwa ajili ya kipato, na amegundua kwamba anapenda sana kulala katikati ya kitanda. Watu wa namna hii wanaweza kupendana kuanzia ukurasa wa 15 na bado wakawa na kazi kubwa mbele yao. Hata yule mzazi mkali wa zamani anaweza kurudi, ila sasa amegeuka kuwa mtoto: binti wa miaka 26 anayemuuliza baba yake alikuwa wapi mpaka saa tano usiku, kwa sauti ile ile ambayo baba aliitumia kumuuliza yeye alipokuwa na miaka 16. Onyesho hilo niliandika kwa dakika 20 na halijabadilika hata neno.

Msaada mwingine niliupata mahali ambapo sikuutarajia. Mwanafalsafa wa Marekani Stanley Cavell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, alichambua filamu saba za Hollywood za kati ya mwaka 1934 na 1949 akaziita komedi za kuoana upya, kwa kuwa kazi yake si kuwakutanisha wapenzi bali kuwarudisha pamoja watu waliokwisha kuachana au wanaokaribia kuachana. Wahusika wangu hawakuwahi kuoana, lakini baada ya kusoma kitabu hicho niliwafanya kuwa watu waliosoma darasa moja, mmoja akaondoka mjini na mwenzake akabaki, na mara moja mazungumzo yao yakapata kasi, kwa sababu watu wanaojuana hawahitaji kujitambulisha na wanaweza kugombana kwa nusu sentensi.

Cavell naye aliazima kwa mhakiki wa Kanada, Northrop Frye, wazo la ulimwengu wa kijani: mahali kama msitu wa Arden katika tamthilia ya Shakespeare, ambako watu hukimbilia, huvurugwa mawazo, kisha hurudi walikotoka wakiwa wamebadilika. Filamu nyingi za miji ya milimani zimesimama juu ya wazo hilo, na nakiri kwamba nimechoka na mwanamke wa mjini anayepanda mlimani, akamkuta fundi seremala mwenye shati la mirabaraba, akajifunza kupumua. Ukilitumia, hakikisha kwamba kwa mmoja wao mlima si likizo. Yule aliyebaki huko analijua paa linalovuja, anaijua barabara inayofungwa na maporomoko, na hana mahali pa kurudi akishabadilika.

Hapa ndipo nilipolipata jibu la swali la kalamu nyekundu. Watu wa makamo wamebobea katika kukwepa. Wanajua njia ya kupita na saa ya kupita ili wasikutane na mtu fulani, na jiji kubwa huwasaidia sana katika ujuzi huo. Mji mdogo uliobanwa na milima, wenye barabara moja ya kuingilia na kutokea, unawanyima. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na katika mji huo hata kikohozi chenyewe kinajulikana ni cha nani. Tunasema pia kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana, na kwa kawaida tunasema hivyo kwa kufarijiana tunapoagana. Kwa wahusika wako maneno hayo ni tishio. Katika rasimu yangu ya tatu, wawili hawa wanaharibu jioni yao ya kwanza, wanakubaliana kiungwana wasionane kwa muda, kisha wanakutana mara tatu kabla ya saa sita mchana: posta, kwenye foleni ya benki, na kwenye ngazi nyembamba ambapo lazima mmoja ampishe mwenziwe. Mara ya kwanza ni habari za asubuhi, mara ya pili habari za tangu asubuhi, na mara ya tatu mwanamume, akiwa ameishiwa kabisa, anauliza habari za tangu benki. Onyesho hilo lisingewezekana bila ramani ya mji niliyoichora kwanza kwenye karatasi, na nakushauri uichore kabla ya kuandika mazungumzo yoyote.

Mlima wenyewe nao ufanye kazi. Juu ya mita 2,500 mtu aliyetoka nyanda za chini huweza kuhema kwa ngazi chache tu, na mwenyeji anaweza kudhani kuhema huko ni mapenzi, huku mgeni, kwa umri wake, akihofia moyo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo neno lililotamkwa kuelekea ukuta wa mwamba ulio umbali huo hurudi baada ya sekunde mbili, muda unaotosha kabisa mtu kujutia alichokisema.

Kuhusu utani wa uzee, uwe mwangalifu. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na magoti yanayolia, mgongo unaokataa na dawa za presha, na walioisoma walitabasamu kwa adabu tu. Walicheka pale tu mwanamume alipokataa kuvaa miwani mbele ya mwanamke, akajifanya anasoma ubao wa matangazo, akamsifu kwa sauti mshindi wa mashindano, kumbe lilikuwa tangazo la mazishi. Kilichochekesha hapo si macho yake bali kiburi chake, na kiburi hakina umri.

Kama utafika hatua ya kupiga picha, kumbuka kwamba bondeni jua hujificha nyuma ya mlima mapema kuliko saa inavyosema, hivyo maonyesho ya jioni yawe machache. Baridi humaliza betri haraka, zitunzwe mfukoni. Kamera inayoingizwa kwenye chumba chenye joto ibaki kwanza ndani ya mfuko uliofungwa, la sivyo lenzi itajaa ukungu.

Rasimu ya nne ina kurasa 105, ambazo kwa kipimo cha ukurasa mmoja kwa dakika moja ni filamu ya saa moja na dakika 45. Mwongozaji yule yule aliirudisha mwezi uliopita. Kalamu nyekundu sasa imehamia ukurasa wa 63, ambako ameandika: "Mbona viatu vimeondoka mapema hivi?" Nimevirudisha kando ya mlango mpaka ukurasa wa 88, na safari hii anayeviokota ni binti.