t0 ya kolamu yako ni ngapi? Majibu ya maswali yenu

t0 ni muda ambao mobaili fezi, yaani kimiminika (HPLC) au gesi (GC) inayobeba sampuli, inatumia kupita kolamu, lile bomba la kutenganishia kemikali.

Kolamu yangu ya HPLC, aina ya C18 (silika yenye minyororo ya kaboni 18), ni sm 15, kipenyo cha ndani mm 4.6, flo mL 1 kwa dakika. Mobaili fezi inapita kwa muda gani?

Anza na ujazo wa bomba likiwa tupu, 3.14 × 0.23 × 0.23 × 15, inakuja kama mL 2.5. Ila sasa humo ndani kumejaa chembe za silika, kimiminika kinapita katikati yake na kwenye vitundu vyake tu, kwa hiyo chukua kama asilimia 65, unabaki na mL 1.6 hivi, gawa kwa flo unapata dakika 1.6. Hiyo ndo t0. Wengi wanaruka hiyo asilimia wanabaki na 2.5, halafu piki (kilele cha kemikali kwenye grafu) inatoka dakika ya 2 wanashangaa imewezaje kuitangulia mobaili fezi yenyewe, wakati kwa kawaida haiwezekani, hesabu ndo mbovu.

Nikitaka kupima badala ya kukadiria?

Dunga urasili kidogo, kemikali isiyoshikwa na kolamu, soma kwa mwanga wa UV wa nm 254. Haishikwi na C18, inatembea na mobaili fezi mwanzo mwisho, piki yake ikitoka hiyo ndo t0 yako, na hapo neli zako zote zimo kwenye hesabu. Mi naamini kipimo kuliko makadirio, kwa kweli fanya hivi kila ukibadilisha kolamu.

Lakini t0 inanisaidia nini? Mi nasoma tu muda wa piki.

Hapo ndo penyewe jamani. Muda peke yake haukwambii kitu, unatakiwa ujue dawa yako imeshikwa kiasi gani, yaani k: toa t0 kwenye muda wa piki, jibu ligawe kwa t0. Piki ya dakika 8, t0 1.6, k ni 4, safi sana. Piki ya dakika 2 je? k ni 0.25, karibu haijashikwa, na uchafu wote wa sampuli ambao haushikwi unatoka hapohapo, kwa hiyo hiyo eria (eneo chini ya piki) unayoiripoti inaweza kuwa nusu dawa nusu takataka na grafu bado inapendeza. Punguza asetonitrili kwenye mobaili fezi, isogeze k ifike kati ya 2 na 10, ndo uanze kuamini namba.

Kwenye GC (kromatografia ya gesi) je?

Urefu gawa kwa spidi. Mita 30 kwa sm 30 kwa sekunda ni sekunda 100. Iwe spidi ya wastani lakini, maana gesi inatanuka njiani na mwishoni inakimbia zaidi kuliko mwanzoni. Kupima, dunga methani kama ditekta ni FID, ile ya mwale wa moto. Na kama presha umeiweka isibadilike, oveni ikipanda gesi inakuwa nzito kupita na t0 inarefuka, kwa hiyo t0 ya nyuzi 50 usiibebe kwenye nyuzi 250.

Kwenye HPLC, gredienti (mobaili fezi inayobadilishwa mchanganyiko taratibu) inachelewa kufika kwenye kolamu, hiyo nayo ni t0?

Hapana, huo ni ujazo kati ya mikseri na mdomo wa kolamu, unapimwa kivyake bila kolamu.