Kwa wanakwaya mnaoanza kusikiliza simfoni: anzeni na Dawson, na msianzie mwanzoni

Hii naiandika kwa ajili ya wale mliokulia kwenye kwaya kama mimi, solfa mnaisoma hata mkiamshwa usiku, sauti nne mnazijua, halafu siku moja mtu akawarushia simfoni, ule muziki mrefu wa okestra nzima, ya dakika arobaini mkasikiliza dakika tatu mkazima. Nimefundisha kwaya miaka kumi na kitu sasa na kila nikigusia muziki wa okestra swali linakuwa lilelile, mwalimu mbona haina maneno, sasa mi nishike nini? Ni swali la haki kabisa. Siku hizi simjibu mtu kwa nadharia, nampa kazi moja tu aende nayo nyumbani, Negro Folk Symphony ya William Dawson, Mmarekani mweusi.

Na kabla hujasema humjui, subiri kidogo. Kama kwaya yenu imewahi kuimba There Is a Balm in Gilead, au ile Ezekiel Saw de Wheel ambayo sauti zinazunguka zinafukuzana kama gurudumu lenyewe mpaka besi wanaishiwa pumzi, hebu chukua karatasi ya noti uangalie pale juu kulia ambapo fotokopi huwa imefifia, kuna uwezekano mkubwa jina lililopo pale ni lake. Yaani ni mwalimu wa kwaya mwenzetu. Alizaliwa Anniston, Alabama, 1899, akiwa kijana wa miaka 13 hivi akatoroka kwao kwenda kusoma Tuskegee, chuo cha watu weusi hukohuko Alabama, na kwaya ya Tuskegee ndo aliyokuja kuiongoza kuanzia 1931 mpaka 1955. Kabla ya kuiongoza alisoma Kansas City, na siku ya mahafali kazi yake mwenyewe ilipigwa ukumbini huku yeye amekaa kule juu roshani kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa jukwaani na wenzake. Watu wanapiga makofi na yeye haruhusiwi hata kusimama. Baada ya hapo akaenda Chicago, akapiga tromboni kwenye Civic Orchestra ya pale, mweusi peke yake. Kwa hiyo huyu ni mtu anayejua pumzi ya kwaya na anajua pia okestra inasikikaje ukiwa umekaa katikati yake, na ukisikiliza vizuri utaona mambo yote mawili yamo.

Sasa ushauri wenyewe. Usianze mwanzo. Najua walimu wengi watanipinga ila mi nimejaribu kwa watu wengi na nimeona kinachofanya kazi. Simfoni hii ina sehemu tatu, yote ni nusu saa na dakika chache, we anza na sehemu ya pili inayoitwa Hope in the Night, tumaini usikuni, na uipe dakika mbili tu za kwanza. Utasikia upatu ukigongwa mara tatu, taratibu, mwenyewe Dawson alisema ile ni Utatu Mtakatifu unaoongoza safari ya binadamu. Baada ya hapo nyuzi zinaanza kudonolewa kwa vidole, tup, tup, tup, mapigo yaleyale hayabadiliki, hayaharakishi, hayapumziki, ni kama majembe, ni watu wanaofanya kazi juani leo na kesho na kesho kutwa bila malipo. Usikimbilie kuuliza wimbo uko wapi. Kaa na yale mapigo kwanza, yahesabu kwa kidole mezani. Juu yake ndo inaingia sauti moja ya kor angle, ala ya kupuliza jamii ya zumari, ile obo nene yenye sauti kama mtu aliyelia akanyamaza, inaimba peke yake. Hapo wewe mwanakwaya unakijua unachokisikia, ni mwimbishaji ametangulia na kundi halijaitikia bado.

Ukishaweza dakika mbili, songa mbele kidogo. Baadaye muziki unachangamka ghafla, unakuwa mwepesi, unarukaruka, na wengi hapa wanapotea wanadhani imeingia sehemu nyingine. Hapana. Ni watoto. Dawson aliweka pale watoto wanaocheza bila kujua maisha yanayowasubiri, na ukishalijua hilo kila kitu kinageuka, kwa sababu yale mapigo ya mwanzo hayajaondoka, yako yanawasubiri. Na mwishoni kabisa okestra inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kifua cha mtu anayepumua kwa shida, na ngoma za timpani chini yake. Hapo mi mpaka leo naacha kitu chochote nilichokuwa nafanya.

Ndo sasa rudi sehemu ya kwanza. Inaitwa The Bond of Africa na inafunguliwa na baragumu moja tu, lile la duara la shaba, linapiga wito mfupi. Huo wito ndo funguo ya simfoni nzima. Dawson aliueleza hivi kwa maana, kwamba siku Mwafrika wa kwanza alipochukuliwa ufukweni kwao akapelekwa utumwani, pingili moja ilikatwa kwenye mnyororo wa binadamu, na muziki huu unaitafuta hiyo pingili. Mi nilivyosoma hilo mara ya kwanza nilikaa kimya muda. Sisi huku neno mnyororo likitajwa pamoja na utumwa tunaona chuma shingoni, tunaona Bagamoyo, lakini yeye kaligeuza, mnyororo wake ni ule unaotuunganisha na kukatika kwake ndo msiba. (Na tuwe wakweli, waliofikishwa Marekani wengi walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola, wa pwani yetu wengi walipelekwa Zanzibar na Uarabuni, kwa hiyo sisemi hii ni hadithi yetu moja kwa moja. Ila masikio yetu yanaifikia kwa karibu.)

Kazi yako na ule wito ni moja, ujue kuupiga mluzi. Rudia sekunde zile za mwanzo mara tano, sita, uimbe kwa solfa, uandike pembeni ya daftari kama unaweza. Halafu acha iendelee na kila ukiusikia umerudi tia alama kwenye karatasi. Utarudi kwa sauti nyingine, utarudi umekatwa nusu, utarudi na okestra nzima kama watu wanagombana nao, na unarudi hata kwenye sehemu ya pili. Mtu aliyefanya zoezi hili mara moja haulizi tena ashike nini, ameshashika. Na katikati ya sehemu hiyo ya kwanza obo itaimba wimbo wa kiroho wa kweli, wa wale wazee wa mashambani, na sehemu ya tatu nayo imejengwa juu ya nyimbo za kiroho zilizokuwepo, O Le' Me Shine, niangaze kama nyota ya asubuhi, na nyingine inayosema nimeshuka mpaka baharini. Kwa hiyo ukisema haina maneno, maneno yapo, yamefichwa tu, watumwa walishayaimba.

Kosa ambalo nimeona wageni wengi wanafanya, na mi nililifanya, ni kuingia wakitafuta Afrika kwa maana ya ngoma. Umesikia neno Afrika kwenye kichwa unasubiri ngoma zilie, zisipolia haraka unasema huyu kaiga Wazungu. Nilisema hivyo na nilikosea sana. Dawson hakuwa anaiga, shauku yake ilikuwa mtu akiisikia ajue kwamba hii imeandikwa na mtu mweusi na isingeandikwa na mwingine. Amechukua namna ya kujenga simfoni ya watunzi wa Ulaya kina Brahms na Dvořák, zile sauti nene, zile hisia zinazopanda mpaka juu kabisa, akaweka ndani yake mdundo na wimbo wa kwao. Ngoma zipo pia, 1952 alisafiri Afrika Magharibi, akasikiliza kwa masikio yake, aliporudi akaifanyia marekebisho na midundo ikaongezeka. Toleo tunalosikia leo ni hilo la baada ya safari.

Mtaniuliza kama ni nzuri hivyo mbona hatujawahi kuisikia. Hapo ndo panaponiuma. Novemba 1934 Leopold Stokowski aliiongoza na Philadelphia Orchestra, moja ya okestra kubwa kabisa duniani, wakaipiga kwao Philadelphia na wakaipeleka Carnegie Hall New York, na baada ya sehemu ya pili watu walipiga makofi kabla kazi haijaisha, jambo ambalo kule huwa halifanyiki. Dawson akaitwa jukwaani. Safari hii hakukaa roshani. Halafu? Halafu karibu kimya. Okestra nyingine hazikuichukua, hakuandika simfoni nyingine mpaka anafariki 1990, na Stokowski alikuja kuirekodi 1963 na American Symphony Orchestra, miaka karibu thelathini baadaye. Ladha ya muziki ilikuwa inabadilika, muziki wa hisia kubwa ulianza kuonekana wa kizamani, hilo ni kweli, lakini mi siamini kwamba ndo sababu yenyewe, maana kuna kazi za Wazungu za aina hiyohiyo zilizoendelea kupigwa kila mwaka. Ubaguzi ulifunga milango, tuseme tu. William Grant Still na Florence Price, watunzi weusi wenzake waliotangulia kidogo na simfoni zao 1931 na 1933, yaliwakuta yaleyale.

Rekodi ya kusikiliza: ukiweza chukua mbili. Ile ya Stokowski ya 1963, ina moto na mwendo wa mtu aliyeipenda tangu siku ya kwanza, na ile ya Philadelphia Orchestra hiyohiyo chini ya Yannick Nézet-Séguin iliyotoka 2023, ambayo sauti yake ni safi unasikia mpaka vidole kwenye nyuzi. Anza na hii mpya. Na tafadhali usisikilizie kwenye spika ya simu, naomba sana, upatu na besi hazitoki pale, unabaki na kelele za juu tu. Tafuta iyafoni hata za bei rahisi, sikiliza alfajiri kabla nyumba haijaamka.

Hilo la spika nalisema kwa uchungu kwa sababu mara ya kwanza niliwapigia kwaya yangu kwa simu, nimeiweka juu ya kinanda, watu thelathini wamekaa, upatu haukusikika kabisa, baada ya dakika nne wameshaanza kuongea mambo yao na mi nikazima. Nilidhani wao hawako tayari. Miezi kadhaa baadaye nikaomba spika za kanisani, nikaja mapema nikazifunga, na sikuwaeleza kitu, sikusema watoto wala utumwa, niliwaambia tu hesabuni mapigo. Upatu ulivyogonga mara ya kwanza madirisha yalitetema kidogo. Ikafika pale muziki unapochangamka, mama mmoja wa alto, mtu mzima ambaye huwa hachangii chochote mazoezini, akanyoosha mkono, nikasimamisha, akasema mwalimu hapa ni watoto wanacheza, ila hawajui. Hawajui nini mama? Akatikisa kichwa, akasema rudisha nyuma kidogo.

Nikarudisha.