Kuuza vipuri Lubumbashi: neno "joint" na namba zinazookoa

Ndugu wa Mbeya aliyeanzisha uzi huu anataka kufungua njia ya kuleta vipuri vya magari Lubumbashi, huku Kongo, na ameomba tumtajie maneno ya kibiashara na ya kiufundi atakayokutana nayo huku. Mwishoni akauliza tunalipana kwa pesa gani. Wengi mmeshampa orodha ndefu za maneno. Mimi nina duka la vipuri hapa Lubumbashi, karibu na soko la Kenya (Kenya ni komuni yetu, yaani sehemu ya jiji, si ile nchi), na mzigo wangu mwingi naununua Kariakoo. Kwa hiyo maneno haya nimeyatafuna kwa meno yangu, na moja lilinivunja jino.

Nianze na hilo. Mwaka wangu wa pili dukani, mafundi watatu walipita ndani ya wiki moja wakitafuta joint ya kulasi ya Toyota RAV4. Kwetu joint ni Kifaransa, tunaitamka jwe, na ni kile kipande bapa kinachobanwa katikati ya vyuma viwili ili maji na oili visivuje. Kwenu ni gasketi. Kulasi ni silinda hedi. Nikamwandikia muuzaji wangu wa Dar kwa WhatsApp, haraka haraka, wateja wamesimama mbele yangu: "Bosi, nitumie joint RAV4, 12." Akajibu zipo, akataja bei. Bei nikaiona kubwa, nikajiambia labda ni orijino kabisa. Nikatuma pesa.

Mzigo ulipofika boksi lilikuwa zito. Gasketi kumi na mbili unaziweka kwapani kama magazeti, lakini hili lilishushwa na vijana wawili. Nikapasua nailoni, nikakuta kikombe cha chuma chenye shina la meno, kimepakwa grisi nyeusi, pembeni mpira wake wenye mikunjo na kifuko kidogo cha grisi ya akiba. Sivi jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi! Kumi na mbili! Kule Kariakoo ukiandika joint bila kuongeza neno, mtu anafikiria hiyo, au boli jointi, kiungo kingine cha chini ya gari. Hakunidanganya. Tuliandikiana neno lile lile, herufi kwa herufi, kila mmoja akilisoma kwa lugha yake. Ningempigia simu nikasema "jwe", angeniuliza jwe ni kitu gani, na mambo yangeishia hapo.

Mitego ya namna hiyo ipo mingine. Petroli kwa watu wengi wa huku ni mafuta ya taa. Inayowekwa kwenye gari ni esanse, na dizeli ni mazutu. Shokamzoba tunaiita amotisa, lakini parshok ni bampa, kwa hiyo usimwandikie mtu "shoku" peke yake. Biyeli ni konekting rodi, iko ndani ya injini. Biyeleti ni linki ya stabilaiza, iko chini ya gari. Mengine hayana hatari, ni ya kuzoea tu: plagi ni bujii, klachi ni ambreyaji, beringi ni rulma, mkanda ni kurwa, brek pedi ni plakete, staata ni demarere, boneti ni kapo.

Baada ya zile sivi jointi nikaacha kuagiza kwa jina. Naagiza kwa namba, jina naliweka nyuma yake kama salamu.

Namba ya kipuri cha Toyota, na huku Toyota ndiyo nusu ya maisha yangu, kwa kawaida ina tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano, ingawa kwenye tano za pili herufi nazo huingia. Tano za kwanza zinakuambia ni kitu gani, tano za pili zinakuambia ni cha gari lipi. 04465 ni brek pedi za mbele, 04466 ni za nyuma. 11115 ni gasketi ya silinda hedi; ningeiandika hiyo siku ile, ningelala usingizi. 17801 ni filta ya hewa, 16400 ni rejeta, 48510 ni shokamzoba ya mbele kulia na 48520 ni ya mbele kushoto. Ukishika kama thelathini za namna hii kichwani, unasoma invoisi ya Mchina, ya Mwarabu wa Dubai na ya Kariakoo bila mkalimani. Jihadhari na kitu kimoja tu: kiwanda hubadilisha namba, ya zamani ikafutwa na mpya ikachukua nafasi yake. Mteja akikuletea namba ambayo hakuna mwenye mzigo wake, usimwambie haipo kabla hujaangalia kama ina mrithi.

Ili uipate namba ya kipuri unahitaji namba ya shasi, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Vitabu vinasema namba ya shasi ina herufi na tarakimu 17, haina I, wala O, wala Q, kwa sababu zinafanana na 1 na 0. Ni kweli kwa magari ya Ulaya, Marekani na mengine mengi. Lakini gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na mengi ya huku yalipitia bandari ya Dar yakiwa hivyo hivyo na usukani wa kulia, lina namba fupi: msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Kwa mfano NZE121 ya Toyota, halafu tarakimu saba. Mteja akikutumia hiyo usimrudishie ukidhani amesahau nusu, na usiijazie sifuri ili itimie 17. Omba pia msimbo wa injini. 1NZ-FE na 1KZ-TE si mapambo: E ya mwisho ni upulizaji wa mafuta unaoongozwa kielektroniki, T ni taabo (turbo). Mtu mwenye 1KZ-T na mwenye 1KZ-TE wakikuomba pampu ya dizeli, usiwape ya aina moja.

Kulia na kushoto. Hili ni dogo lakini lina vita. Kwenye vipuri, kulia ni kulia kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele, hata kama usukani uko upande gani. Fundi aliyesimama mbele ya gari, amefungua kapo, anakuonyesha kwa kidole upande ule mwingine. Mimi namwambia, "Papa, ingia ukae kwanza ndani, kisha uniambie." Na taa kubwa za mbele ni habari ya pekee. Taa ya gari la Japani inainua mwanga upande wa kushoto, kwa sababu kule wanapita kushoto. Sisi tunapita kulia. Ukiifunga hapa inampiga machoni anayekuja mbele yako. Ukileta taa, sema waziwazi ni za upande gani wa barabara. Wateja wa huku wameanza kuuliza.

Beringi nitakuonyesha kwa mfano mmoja. Juzi fundi mzee kaniwekea mezani beringi ya altaneta, imechakaa, namba imelika imebaki "03" ya mwisho. "Mwana, nipatie hii." Sasa, tarakimu mbili za mwisho ni tundu la ndani: kuanzia 04 unazidisha kwa 5, kwa hiyo 6204 ni milimita 20 na 6205 ni 25, chini ya hapo unakariri, 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Tundu lake basi ni 17. Lakini 6203 na 6303 zote zina tundu la 17! Tofauti iko nje: ya kwanza ni 40, ya pili ni 47. Nikachukua vernia, kile kipimo cha milimita, nikapima nje, 40 kamili. Nikampa 6203 yenye 2RS, yaani mpira pande zote mbili, maana vumbi letu jekundu la kiangazi linapenya kila penye upenyo. ZZ ni kifuniko cha bati, nacho ni kizuri lakini si kwa vumbi hili.

Mikanda ni rahisi zaidi: 6PK1230 ni mifereji sita, urefu milimita 1230. Plagi zina kichekesho chake. Kwa NGK na Denso, namba ya joto ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka. Kwa Bosch ni kinyume. Usilinganishe namba za makampuni hayo kwa macho, tafuta jedwali.

Kuhusu "orijino", neno hili huku limepigwa mpaka limelegea. Kuna kipuri kwenye boksi la kiwanda cha gari. Kuna kipuri cha kampuni ile ile inayokiuzia kiwanda, kwenye boksi lake yenyewe, na hicho mara nyingi ndicho kilekile kwa bei nafuu: Denso, Aisin, KYB, NGK. Kuna adaptabli, yaani kinachoingia lakini kimetengenezwa na mwingine. Humo kuna kizuri sana na kuna takataka. Kuna okazo, kilichotumika. Na kuna feki, ambacho kimeiba boksi la yule wa kwanza. Adaptabli si feki, na ukimwambia mteja ukweli kwamba ni adaptabli atarudi. Kwa okazo za injini uliza kila mara ni tupu au kamili, yaani ina altaneta, staata na kompresa au haina. Nimeona watu wakikosana kwa altaneta moja.

Bei sasa. FOB maana yake muuzaji anamaliza kazi mzigo ukishapakiwa melini kwenye bandari ya kwake. CIF, ameongeza nauli ya meli na bima mpaka bandari uliyotaja. Watu wanadhani kwa CIF mzigo ukizama ni hasara ya muuzaji. Hapana, hatari imeshahamia kwako tangu ulipopakiwa. Bima ndiyo unayoidai. Tena CIF Dar inaishia Dar. Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa (mpaka wa Zambia na Kongo), ushuru na TVA (kwenu VAT) ya asilimia 16 ya upande wetu bado vinakusubiri. Ukimpa mtu wa Lubumbashi bei, andika kama ni ya Mbeya dukani, au mpaka mlangoni kwake bila ushuru, au na ushuru.

Na faida: mtoto wa dada yangu nilimwambia asiuze chini ya asilimia 20. Kitu cha dola 20 akakiuza 24. Alikuwa ameongeza 20 juu ya bei ya kununulia; mimi nilitaka 20 ya bei ya kuuzia, ambayo ni dola 25. Kodi ya pango haiulizi nani alimaanisha nini.

Pesa ni dola kwa vitu vikubwa, faranga za Kongo kwa vidogo na kwa chenji, kwa kiwango cha siku hiyo. Noti ya dola ikiwa imepasuka pembeni hata kidogo, au ina maandishi ya kalamu, watu hawaichukui, na zile za dola moja wengi wanazikataa hata zikiwa mpya. Utakapokuja mwenyewe kagua zako moja moja ukiwa bado Mbeya. Mimi nilirudishiwa noti ya mia na mwenye lori pale Kasumbalesa kwa ajili ya kitobo cha pini ya stepla, nikalala kwenye kabini juu ya mzigo wangu mpaka ndugu yangu alipoleta nyingine asubuhi.