"Nafasi sawa" kati ya madirisha: kipimo kinaanzia wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa ramani za majengo. Kwenye ramani moja niliandika: "Madirisha matatu yapangwe kwa nafasi sawa." Mwenzangu aliyeichora kwenye kompyuta alipima kutoka katikati ya dirisha moja hadi katikati ya jingine. Lakini madirisha yale yana upana tofauti, na mimi nilitaka vipande vya ukuta vinavyobaki ndivyo viwe sawa. Nani kakosea? Pia tunatafuta jina la Kiswahili la amri ya programu inayofanya kazi hiyo. Tumefikia "sambaza", ila halituridhishi.

JIBU: Marahaba. Mwenzako hakukosea kupima. Neno "nafasi" ndilo lililomwacha apime anavyojua. Ni neno pana mno: ni mahali pa kukaa, ni wasaa, ni fursa, na "nafasi sawa" kwa wasomaji wengi ni kupata kazi au masomo bila upendeleo. Likiingia kwenye vipimo halisemi kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Mkulima akiambiwa apande kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, hupima mstari hadi mstari, shina hadi shina, wala hapatokei ubishi, kwa sababu unene wa shina ni mdogo kiasi cha kutohesabika. Mwenzako alipima kama mkulima. Dirisha, hata hivyo, lina upana wa kuhesabika.

Tuseme ukuta una urefu wa sentimita 900, na madirisha yana upana wa sentimita 90, 150 na 60. Ukiyapanga kwa kufuata katikati zake, kila moja likiwa sentimita 225 kutoka kwa jirani yake na ya pembeni yakiwa 225 kutoka mwisho wa ukuta, vipande vya ukuta vinavyobaki ni 180, 105, 120 na 195. Kwenye karatasi hesabu imenyooka, lakini jicho litaona madirisha yamesogeleana upande mmoja. Ukifanya ulivyokusudia, unatoa upana wa madirisha yote, 300, kwenye 900. Zinabaki 600, unazigawa kwa nne, na kila kipande kinakuwa 150. Sasa katikati za madirisha ndizo zinazotofautiana: 270 kutoka la kwanza hadi la pili, 255 kutoka la pili hadi la tatu. Kwa madirisha ya upana huu, huwezi kupata vyote viwili.

Kiswahili kina neno la kile ulichokitaka, nalo ni "mwanya". Fikiria meno. Mtu mwenye mwanya ana meno yake yote, ila mawili yameachana kidogo. Mwenye pengo, jino limeng'oka. Mwanya ni uwazi ulio kati ya vitu viwili vilivyopo, unaoanzia ukingo wa kimoja na kuishia ukingo wa kingine. Pengo ni mahali ambapo kitu kilipaswa kuwepo na hakipo. Ndiyo maana sishauri kuandika "mapengo" kwenye ramani. Anayesoma atajiuliza ni dirisha gani limesahaulika.

"Mwanya" lina faida nyingine ninayoipenda zaidi. "Nafasi" haibadiliki kati ya umoja na wingi, na "sawa" halipokei kiambishi cha ngeli, hivyo "nafasi sawa" haikulazimishi kusema ni ngapi. "Mwanya" huwa "mianya", na mianya hudai idadi: mianya miwili, au mianya minne? Miwili ni ile iliyo baina ya madirisha tu. Minne inajumuisha na ile ya kwenye ncha za ukuta. Hilo pia hukulisema kwenye maelezo yako, na naamini lingewagombanisha kesho.

Kwa kipimo cha mwenzako, andika "umbali wa katikati hadi katikati". Mafundi wengi husema "senta hadi senta", na sina ugomvi nalo, maana linaeleweka na halina sura mbili. Neno la kujihadhari nalo ni "kati" likiwa peke yake. "Kati ya madirisha" ni uwazi uliopo baina yao, lakini "kati" hilohilo ndilo lililozaa "katikati", sehemu ya ndani kabisa ya kitu. Ukiandika "umbali wa kati", umewaruhusu wote wawili.

"Ulinganifu" nalo si mahali pake hapa. Ni pale upande mmoja unapokuwa kama kivuli cha mwingine, na madirisha ya 90, 150 na 60 hayawezi kulingana hivyo hata mianya yake ikiwa sawa.

Kuhusu amri ya programu, mna haki ya kutoridhika na "sambaza". Habari husambazwa, bidhaa husambazwa. Kitu hutoka mahali pamoja kikaenea kwingi, bila mtu kupima. Pendekezo langu ni "sawazisha mianya", na pacha wake "sawazisha umbali wa katikati". Msilifupishe jina mkabakiza "sawazisha" peke yake, kwani fundi huwaza pima maji mara moja: kusawazisha madirisha ni kuyaweka kwenye usawa mmoja wa kimo. Kuwa na amri mbili zenye majina mawili kutawafaa pia watumiaji wa Revit, programu ya kuchorea ramani za majengo. Alama ya EQ ya programu hiyo husawazisha vipande vya mstari wa vipimo, kwa hiyo mtu akiushikiza mstari kwenye katikati za madirisha, atapata alichopata mwenzako.

Kwenye ramani yako, basi, andika: "Mianya yote minne ya ukuta, pamoja na ya kwenye ncha, ilingane, kila mmoja upimwe kutoka ukingo hadi ukingo."