Midomo inapoachana na wimbo: kutengeneza filamu kutoka albamu ya roki

SWALI

Shikamoo mwalimu. Sisi ni bendi ya roki ya watu wanne, tuko Arusha. Tuna albamu yetu ya nyimbo kumi na moja, na tunataka kuigeuza filamu isiyo na mazungumzo, yenye mambo ya ndotoni, kwa mfano wa "Pink Floyd – The Wall", ile filamu iliyotokana na albamu "The Wall" ya bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd. Tumepiga picha za majaribio: mwimbaji wetu anaimba kwa pleibeki, yaani akiufuata wimbo uliokwisha kurekodiwa, unaotoka kwenye simu, na kamera tumeiweka fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Mwanzoni midomo inakaa vizuri. Tukifika dakika ya tatu, midomo imeitangulia sauti kwa fremu nne hivi. Tatizo ni nini? Na wenzetu wale waliilaza albamu kama ilivyo juu ya picha, au walirekodi upya?

JIBU

Marahaba. Umefanya vizuri kupima hilo pengo, maana ukubwa wake ndio unaotaja ugonjwa.

Kamera nyingi za video zinazoandika 24 kwenye menyu hurekodi fremu 23.976 kwa sekunde, urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani. Programu yenu ya kuhariri imezisoma kama 24 kamili, kwa hiyo picha inakwenda mbio kuliko ilivyopigwa, kwa sehemu moja hivi katika elfu. Dakika tatu ni sekunde 180. Moja ya elfu yake ni sekunde 0.18, nayo ni fremu nne na kidogo. Ndizo hizo mlizoziona. Fungua sifa za faili la picha, hakikisha programu inalisoma kwa 23.976, na taimulaini, ule mstari wa muda mnapopanga picha na sauti, nayo iwe 23.976. Msivute wimbo ili uifuate picha. Wimbo ndio saa ya kazi hii, na saa haiguswi.

Pengo lingekuwa la sekunde saba kwa dakika tatu, ningesema mmechanganya 24 na 25. Hapo sauti ikivutwa kufuata picha, inapanda karibu nusu toni, na mpiga gitaa wenu angeisikia papo hapo. Lingekuwa pengo linalokuja na kuondoka, ningeilaumu kamera ya simu, kwa sababu simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Hubadilika kufuatana na mwanga. Picha za namna hiyo zibadilishwe kwanza ziwe na fremu za kudumu, ndipo zihaririwe.

Siku ya kupiga picha, tengenezeni faili la pleibeki lenye mlio mara tatu kabla ya wimbo kuanza, kwa mwendo uleule wa mapigo ya wimbo. Mwimbaji anapata pa kuingilia, nanyi mnapata alama ya kulinganisha wakati wa kuhariri. Kila mara kamera inapowashwa, irekodi hiyo sauti ya pleibeki hata kama ni mbovu. Haitatumika kwenye filamu, lakini ndiyo itakayowaonyesha mlipo. Tena mwimbaji aimbe kwa sauti kamili. Anayechezesha midomo tu anajulikana shingoni na kifuani, na hakuna mhariri anayeweza kuliponya hilo. Mkiwa na kundi kubwa uwanjani, kumbukeni kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde: aliye mita 14 kutoka kwenye spika tayari amechelewa fremu moja, na wa mita 40 anapiga makofi yasiyolingana na ya wenzake wa mbele. Sambazeni spika ndogo ndogo karibu na watu, msitegemee moja kubwa.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi.

Hawakuilaza albamu kama ilivyo. Albamu ilitoka Novemba 1979, ina kama dakika 81. Filamu ilitoka 1982, imeongozwa na Alan Parker kutokana na mswada wa Roger Waters wa Pink Floyd, ina dakika 95. Filamu ni ndefu kuliko albamu, ingawa nyimbo mbili, "Hey You" na "The Show Must Go On", zimeachwa nje. Pengo hilo linaonyesha ni kazi kiasi gani ilifanyika upya studio. "Mother" ilirekodiwa upya. "Bring the Boys Back Home" iliimbwa upya na kwaya ya wanaume kutoka Wales. "Outside the Wall", ambayo kwenye albamu haifiki dakika mbili, ilitengenezwa upya ikarefushwa. "Run Like Hell" ilifupishwa. "When the Tigers Broke Free" haimo kabisa kwenye albamu. Iliingizwa kusimulia kifo cha baba yake Waters, aliyeuawa vitani Anzio, Italia, Februari 1944. Nyimbo nyingine zilibaki zilezile ila zikamiksiwa upya, na kwenye "Comfortably Numb" wakaongeza kelele za mwigizaji mwenyewe.

James Guthrie, aliyekuwa fundi mitambo na mmoja wa maprodyuza wa albamu, ndiye aliyeshughulikia muziki wa filamu pia, na kazi ya sauti ilipata BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Mtu aliyezijua traki zote zilivyorekodiwa aliweza kuzifungua tena. Kwa hiyo jambo la kwanza kumwomba prodyuza wenu ni traki zilizotengwa: ngoma peke yake, besi peke yake, magitaa, sauti za waimbaji. Miksi ya mwisho ya stirio haiwatoshi. Katika ile filamu kuna televisheni inayoongea chumbani hotelini, kuna simu, kuna vyombo vinavyovunjwa. Ukiwa na miksi moja tu, kila unapotaka sauti ya mlango isikike lazima uushushe wimbo mzima, na mtazamaji anahisi muziki umezimia. Ukiwa na traki zilizotengwa unashusha gitaa la pili kwa sekunde mbili, mlango unasikika, na hakuna anayejua ulichofanya. Kama prodyuza amekwisha kufuta mradi wenyewe na kubakiza miksi, ni afadhali mrekodi tena zile nyimbo ambazo picha yake imejaa vitendo.

Halafu lipo la nani aimbe mbele ya kamera. Tazameni tena ile filamu mkimwangalia mdomo Bob Geldof, anayecheza kama Pink, mwanamuziki ambaye ndiye mhusika mkuu. Sehemu kubwa ya filamu haimbi. Amekaa kitini, anatazama televisheni, anapanga vipande vya vitu vilivyovunjika sakafuni, na wimbo unapita kichwani mwake. Wimbo usiotoka mdomoni mwa mtu ni mawazo, na mawazo yanaweza kuruka kutoka hotelini hadi vitani hadi utotoni bila mtu kuuliza tumefikaje. Kisha inakuja "In the Flesh", Pink amegeuka dikteta jukwaani, na hapo Geldof anaimba mwenyewe kwa sauti yake, iliyorekodiwa kwa ajili ya filamu. Mdomo na sauti ni vya mtu mmoja, na ndiyo maana tukio linatisha. Nguvu hiyo isingekuwepo kama angekuwa anaimba katika filamu nzima.

Watoto wa shule nao wamevikwa vinyago visivyo na sura. Kisanii, vinyago vinasema shule imewafuta nyuso. Kiufundi, aliyevaa kinyago hana midomo ya kulinganisha. Uamuzi mmoja umefanya kazi mbili, na uamuzi wa namna hiyo ndio hasa unaowafaa watu wenye bajeti ndogo.

Ken Russell alishika njia nyingine mwaka 1975 alipoitengeneza "Tommy" kutoka albamu ya 1969 ya The Who, bendi nyingine ya roki ya Uingereza. Kwake karibu kila mtu anaimba, hata waigizaji wasio waimbaji kama Oliver Reed na Jack Nicholson, kwa hiyo muziki ulirekodiwa upya kwa ajili ya filamu. Ni njia nzuri, ila inadai studio, muda na waigizaji wenye ujasiri. Kwa bendi ya watu wanne siishauri.

Ushauri wangu basi: katika nyimbo zenu kumi na moja, chagueni mbili, zisizidi tatu, ambazo mwimbaji ataonekana akiimba. Nyingine zote ziwe mawazo. Hapo tatizo la midomo linabaki kwenye dakika kumi au kumi na mbili za filamu, na dakika hizo mtazipa mazoezi yanayostahili.

Hukuuliza kuhusu uhuishaji, lakini najua utafika huko, maana yale maua yanayotafunana na nyundo zinazopiga gwaride ndivyo vinavyokaa kichwani mwa kila aliyeiona. Ni kazi ya mchoraji Gerald Scarfe, na sehemu yake ilichorwa kabla ya filamu, kwa ajili ya maonyesho ya jukwaani ya 1980 na 1981. Filamu nzima ina takriban dakika 15 za michoro. Kwa hesabu ya michoro 12 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida katika uhuishaji wa mkono, dakika 15 ni michoro 10,800. Nyinyi anzeni na sekunde 40. Kabla ya kuchora, hesabuni fremu za kila pigo: kwenye fremu 24, wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una fremu 12 kwa pigo, wa mapigo 90 una fremu 16, lakini wa mapigo 100 una fremu 14.4, na hiyo sehemu ya desimali itawasogeza polepole msipoipanga. Andikeni kwenye karatasi fremu ambayo kila pigo linaangukia, kisha mchoraji aifuate karatasi. Asifuate sikio. Ile 23.976 inasogeza karibu fremu moja tu ndani ya sekunde 40.

Mwisho, msiogope kukata. "Hey You" ilipigwa picha, baadaye ikaondolewa, na baadhi ya picha zake zikahamishiwa kwingine katika filamu. Ni mojawapo ya nyimbo zinazopendwa zaidi katika albamu ile. Kwa hiyo mkiketi kuhariri, mtu asiyekuwa wa bendi awe ndiye mwenye neno la mwisho juu ya wimbo upi unabaki. Na tafadhali, kabla ya kupiga picha nyingine yoyote, rudieni jaribio lenu la dakika tatu kwa mipangilio mipya, mkaangalie fremu za mwisho kabisa. Zikikaa sawa, endeleeni. Zisipokaa, niandikie pengo ni fremu ngapi na liko upande gani.