Wasomaji Wanauliza: Paul Scofield, Jukwaa na Kamera

Swali: Mwigizaji wa Uingereza Paul Scofield ana Oscar, lakini orodha ya filamu zake ni fupi mno. Miaka yote hiyo alikuwa wapi?

Jibu: Alikuwa jukwaani. Hata hiyo Oscar ilianzia huko. Nafasi ya Thomas More, waziri aliyekataa kula kiapo cha Mfalme Henry VIII, katika tamthilia ya *A Man for All Seasons* aliianza London mwaka 1960, akaipeleka New York na kushinda Tony, tuzo ya jukwaani, mwaka 1962, ndipo muongozaji Fred Zinnemann akamwita kwenye filamu ya 1966. Alipofika mbele ya kamera, maneno yale alikuwa keshayasema mamia ya usiku. Kati ya tamthilia na filamu yake aliigiza King Lear wa Shakespeare chini ya muongozaji Peter Brook (1962), na mwaka 1979 akawa Salieri, mtunzi anayemwonea wivu Mozart, katika tamthilia ya *Amadeus* kule National Theatre ya London, miaka mitano kabla filamu haijampa nafasi hiyo mwigizaji mwingine. Salieri wake walimwona waliokuwa ukumbini tu, na hiyo ni hasara kubwa kwetu sote.

Swali: Mimi ni mwigizaji wa jukwaani. Kila nikisimama mbele ya kamera, muongozaji ananiambia "punguza". Nikipunguza, anasema nimepoa. Scofield alipunguza nini?

Jibu: Alipunguza uso na mikono. Nia hakuigusa. Wengi hukosea hapa: wakishusha sauti, wanaishusha pamoja na wazo, kwa hiyo kinachobaki ni mnong'ono usiomtaka mtu kitu.

Chukua hotuba ya mistari kumi. Mweke mwenzako hatua kumi na tano kutoka ulipo, mwambie hotuba yote mpaka akusikie bila wewe kupiga kelele. Kisha mlete akae umbali wa mkono mmoja, urudie. Vituo viwe vilevile, miisho ya maneno isimezwe, unachomtaka huyo mtu kisibadilike. Kinachopungua ni pumzi tu. Jirekodi uso kwa karibu, halafu itazame mara mbili: kwanza bila sauti, kisha usikilize bila kuangalia picha. Bila sauti utaona nyusi zikipanda kwa kila neno zito, na kichwa kikitikisika kusindikiza sentensi. Ukumbini hayo hayaonekani, maana kutoka safu ya mwisho kichwa chako ni kidogo kama kidole gumba. Kwenye pazia la sinema uso huo unajaza ukuta mzima, na nyusi zinamtangulia mtazamaji kwenye maana.

Sasa rudi kwenye filamu ya *A Man for All Seasons*, pale More anaposhtakiwa kwa kukataa kile kiapo. Kinga yake yote ni ukimya: kisheria, anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Scofield anaitunza sauti muda wote huo, huku uso umetulia na macho yakimfuata anayesema. Akishatiwa hatiani ndipo anaiacha ipande, nawe unagundua kwamba nguvu ile ilikuwepo tangu mwanzo. Itazame sehemu hiyo mara tatu, na mara moja kati ya hizo uangalie mikono yake peke yake.

Swali: Ni sahihi kuandika "Sir Paul Scofield"?

Jibu: Hapana. Alikataa kupewa cheo cha Sir. Alipokea nishani za Uingereza za CBE mwaka 1956 na Companion of Honour mwaka 2001, na zote mbili hazimpi mtu haki ya kuitwa hivyo. Andika Paul Scofield, inatosha.

Swali: Nianze na filamu ipi?

Jibu: Anza na *A Man for All Seasons*. Ifuatishe *The Train* ya 1964, ambamo ni kanali wa Kijerumani anayetaka kuondoka Ufaransa na michoro ya thamani. *King Lear* ya 1971 usiianze mapema. Ilipigwa Denmark kwenye baridi, nyeusi na nyeupe, na Brook ameikatakata kiasi kwamba asiyeijua hadithi atapotea. Soma tamthilia kwanza. *Quiz Show* ya 1994 iweke mwisho. Scofield anaigiza baba msomi, na kuna mahali mwanawe anakiri kwake darasani kwamba alidanganya kwenye shindano la televisheni. Baba anamkumbusha kuwa jina lile ni la wote wawili. Ni maneno machache mno, na hapo utayaona yote tuliyomweleza msomaji wa swali la pili.