Kwa wadogo zangu mlioingia kamati ya kimataifa mwaka huu

Jana nimekaa kwenye Zoom yenu masaa mawili nimezima kamera, maana sura yangu ingewasema. Barua kurasa nne kwenda Tume ya Ulaya, ile inayoendesha shughuli za Umoja wa Ulaya (EU) kutoka Brussels, "tunaitaka Tume ifute ada za wanafunzi wanaotoka nje ya EU." Jamani! Hiyo barua niliiandika mimi miaka sita iliyopita, karibu neno kwa neno, nikajibiwa aya moja yenye adabu mpaka ikaniuma. Anayetaka kununa anune, ila amalize kusoma kwanza.

1. Gonga mlango wenye mwenyewe. Ada hazitungwi Brussels. Kifungu cha 165 cha mkataba wa utendaji wa EU kiko wazi kwamba elimu ni ya nchi wanachama, EU inasaidia na kuwasukuma washirikiane, basi. Sweden ilianza kuwatoza watu wa nje 2011, Finland 2017, Norway 2023, na kila mmoja kapitisha kwenye bunge lake nyumbani, tena Norway hata kwenye EU haimo, sasa Tume mnaiandikia ya nini? Brussels nendeni na mambo ambayo Brussels inayashika kweli: hela za Erasmus+ (mpango wa EU wa kubadilishana wanafunzi), au ile sheria ya 2016 ya viza za wanafunzi, inayosema ukimaliza masomo upewe si chini ya miezi tisa ya kutafuta kazi. Hiyo mmeisoma? Nilidhani.

2. Bologna, ule mchakato wa nchi kuoanisha mifumo ya vyuo vikuu, sio EU. Nchi 49, meza ya mawaziri, na wanafunzi tunakaa pale kupitia ESU, umoja wa vyama vya wanafunzi vya Ulaya, tangu mkutano wa mawaziri wa Prague 2001. Ukichanganya haya mawili mbele ya mtu wa wizara, anatabasamu na mazungumzo yameishia hapo.

3. Soma tafsiri ya maneno kule chini mwa karatasi mnayopigia kura. Hapa sasa ndio pangu.

Ilikuwa saa saba usiku, plenari ya ESU (kikao cha wajumbe wote), ukumbi wa chuo umezimwa hita, rasimu imetandazwa kwenye projekta na mistari myekundu kama daftari la mtoto wa darasa la pili. Aya yangu ilikuwa moja tu kwenye karatasi zima, ya kutetea wanafunzi wa kimataifa: ada, vibali vya ukaazi, bima. Akaja jamaa wa msafara mwingine, mstaarabu, kaniletea na kahawa, akaniambia kaka, "wanafunzi wa kimataifa" ni neno zito, kuna watu watakunyima kura, tuweke "wanafunzi walio kwenye mobiliti," si ni kitu kile kile? Nikasema kile kile. Nilikuwa na usingizi, na niseme ukweli, nilitaka kushinda. Kadi za kura zikapanda, makofi, nikapiga picha ile skrini nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp, "TUMEPITA," na emoji za moto tatu.

Asubuhi narudi nyumbani namkuta mwenzangu wa chumba, kijana wa Tanga, ndio katoka kupiga deki ofisi za watu tangu saa kumi alfajiri, maana kibali kilikuwa kinakaribia kwisha na salio la benki halijafika wanalotaka. Hajavua hata koti, anasoma karatasi langu kwenye simu, anashuka taratibu mpaka kwenye maelezo ya mwisho yale ya herufi ndogo. Mobiliti: mwanafunzi anayekwenda chuo kingine kwa muda, anakusanya krediti, anarudi chuo chake. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa kaka, mimi humu nimo?"

Hakuwemo. Na mimi sikuwemo. Tuliokuja kusoma shahada nzima wote nilitutoa kwa mkono wangu, kwa kikombe cha kahawa ya mashine. Nikampigia mwenyekiti, akanambia kura imeshapita, leteni hoja kikao kijacho. Kikao kijacho ni miezi sita! Kibali cha yule ndugu kingesubiri? Alikipata, alhamdulillah, kwa mchango wa grupu lile lile nililolirushia zile emoji za moto, na mpaka leo akinipigia ananiita mheshimiwa wa mobiliti. Nacheka, lakini naumia.

Kwa hiyo jana nilipoona mmeandika "mobiliti" mara kumi na moja (nimehesabu) nikatamani kupita ndani ya skrini.

4. Kula kabla ya plenari.

5. Msizidharau nchi ndogo. ESU kila nchi ina kura mbili, Malta sawasawa na Ujerumani. Nyinyi mnajazana kwa wajumbe wa nchi kubwa mkipiga selfi, wa Malta kakaa peke yake na biskuti. Mkalieni. Mimi hoja yangu ya pili, ile ya kujirekebisha, iliungwa mkono kwanza na dada wa nchi moja ndogo ambaye nilishamsahau jina, na yeye la kwangu analikumbuka, aibu tupu.

6. Marekebisho yanatumwa kabla ya dedilaini. Dedilaini ikipita imepita, hakuna cha "tulikuwa na mtihani," kila mtu pale ana mtihani.

Haya, ile barua nitumieni leo usiku. Kwa Word, sio picha ya skrini. Na aliyeandika aya ya tatu, ile ya viza, anitafute pembeni, ile ni nzuri, tutaitoa hapo tuipeleke kwingine.